Mazungumzo ya wiki: Kuishusha nyuma pikipiki ya zamani bila kuhatarisha maisha

Nazungumza nanyi kutoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, na hasa kutoka Saint-Josse-ten-Noode, ambayo kwa Kiholanzi huandikwa Sint-Joost-ten-Node. Hii ndiyo manispaa ndogo kuliko zote 19 za jimbo la Brussels. Eneo lake ni kilomita ya mraba moja na ushei tu, lakini humo wanaishi watu zaidi ya 25,000, wenye asili ya Uturuki, Morocco, Kongo na nchi nyingine nyingi. Nyumba zake zimebanana, na ardhi yake si tambarare. Kutoka uwanja wa Madou, barabara ya Chaussée de Louvain huteremka hadi uwanja wa Saint-Josse katika bonde la kijito cha Maelbeek. Upande wa pili, kutoka Botanique, njia huteremka kuelekea kituo cha treni cha Gare du Nord.

Katika mazingira kama hayo, tumfikirie mpanda pikipiki mwenye kimo kifupi, mwanamke au mwanamume, aliyenunua pikipiki kubwa iliyoundwa katika miaka ya 1970 au 1980. Honda CB750, kwa mfano, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1969, ina uzito unaozidi kilo 200, na kiti chake kiko karibu sentimita 80 kutoka ardhini. Taa nyekundu inawaka mteremkoni. Mpandaji anasimama, ananyosha mguu, na ncha ya kiatu chake ndiyo pekee inayogusa mawe ya barabara. Pikipiki ikielemea upande mmoja kidogo tu, hana nguvu ya kuizuia. Mtu mwenye hofu hiyo ana haki ya kutafuta dawa, na dawa inayomjia kwanza akilini ni kuishusha pikipiki yake upande wa nyuma.

Je, jambo hilo linawezekana? Naam, linawezekana, na mafundi wengi hulifanya. Lakini ningependa leo tujiulize swali jingine: mtu akiishusha pikipiki sentimita tatu nyuma, ni kitu gani kingine kinachosogea pamoja nayo? Wengi walioumia kwa kazi hii waliigusa sehemu moja wakasahau zile nyingine zote zinazoitegemea.

Aina mbili za pikipiki

Pikipiki za mwanzo, zikiwemo zile za kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, hapa hapa Ubelgiji, hazikuwa na springi yoyote kwenye gurudumu la nyuma. Mpandaji aliokolewa na springi za kiti chake tu. Baadaye gurudumu la nyuma likawekwa kwenye chuma kinachopanda na kushuka kikizungukia mhimili wake, ambacho leo nitakiita mkono wa nyuma. Mkono huo ukabebwa na shokapu mbili, moja kila upande, yaani vile vyuma vyenye springi kwa nje na mafuta ndani.

Mapema katika miaka ya 1970, mhandisi wa Kibelgiji, Lucien Tilkens, alibuni mfumo wa shokapu moja iliyolazwa katikati ya fremu. Kampuni ya Yamaha ililinunua wazo lake, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akatwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la 250, akiwa juu ya pikipiki ya aina hiyo.

Naitaja historia hii kwa sababu mwenye pikipiki ya zamani lazima ajue kwanza yake ni ya aina gani. Ikiwa ina shokapu mbili, njia ya kuishusha ni kubadilisha shokapu zenyewe. Ikiwa ina shokapu moja iliyounganishwa kwa vipande vya chuma vinavyocheza, kama nyingi za miaka ya 1980 na kuendelea, mafundi hubadilisha vipande hivyo kwa vingine vya urefu tofauti. Hapo tahadhari iwe maradufu, kwa maana kipande kikibadilika urefu, hubadilika pia nguvu ambayo gurudumu linaikandamizia shokapu. Vipande hivyo vinunuliwe vikiwa vimetengenezwa kwa pikipiki hiyo hiyo, wala visichongwe kwa bati lililookotwa karakana.

Anza na kile kinachoweza kurudishwa

Kabla ya kugusa bolti yoyote, mpandaji na ajaribu njia ambazo akizijutia anaweza kuzirudisha nyuma.

Njia ya kwanza ni kiti. Fundi wa viti anaweza kupunguza sifongo kwa sentimita mbili au tatu na, muhimu zaidi, kukifanya kiti kiwe chembamba pale mapaja yanapopita. Kiti kipana huilazimisha miguu kutanuka, na mguu uliotanuka hufika chini kwa shida. Atafutaye usalama anunue kiti cha pili cha mtumba akichonge hicho, na kile cha asili akihifadhi.

Njia ya pili ni viatu vyenye soli nene iliyo imara. Yaweza kuonekana kama mzaha, lakini sentimita mbili za soli ni sentimita mbili kamili, na hazibadilishi chochote katika chuma.

Njia ya tatu ni kurekebisha mkazo wa springi. Shokapu nyingi za zamani zina pete yenye ngazi chini ya springi, ambayo huzungushwa kwa spana maalumu. Watu wafupi mara nyingi huwa wepesi pia, ilhali springi ya kiwandani imekadiriwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Matokeo yake ni kwamba pikipiki haibonyei vya kutosha chini ya mpandaji mwepesi, naye hukaa juu kuliko ilivyokusudiwa.

Kipimo chake ni chepesi, lakini kinahitaji watu watatu. Pikipiki isimamishwe wima, gurudumu la nyuma likiwa hewani, kisha ipimwe kutoka kwenye ekseli hadi alama fulani kwenye fremu, wima juu yake. Halafu gurudumu literemshwe chini, mpandaji aketi akiwa na mavazi yake yote ya safari, mtu wa pili ashike usukani, na wa tatu apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi ambacho springi imebonyea kwa uzito wake. Kwa pikipiki ya barabarani, mafundi wengi hutaka tofauti hiyo iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Ikiwa ni ndogo zaidi, kulegeza pete kutamshusha mpandaji bila gharama, na safari yenyewe itakuwa laini zaidi. Lakini asilegeze kupita kiasi hicho, kwani springi iliyolegezwa mno hugota mwisho wake katika shimo la kwanza, hasa kukiwa na abiria nyuma.

Shokapu fupi na bei yake

Ikiwa njia hizo tatu hazikutosha, ndipo tunafikia shokapu fupi. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Shokapu fupi inaweza kutengenezwa kwa namna mbili. Ya kwanza huhifadhi mwendo wote wa zamani. Basi gurudumu likipanda hadi mwisho, litafika juu zaidi kuliko awali, na huenda tairi likasaga madigadi. Ya pili hupunguza mwendo wenyewe. Basi tairi haligusi kitu, lakini nafasi ya kumeza mashimo imepungua, na springi lazima iwe ngumu zaidi ili isigote. Hakuna namna ya tatu. Kila sentimita inayotolewa hulipwa mahali fulani, na mwenye pikipiki achague mwenyewe mahali pa kulipia, badala ya kulipishwa njiani asipotarajia.

Yapo pia mambo ambayo hayafai kabisa. Springi isikatwe kwa msumeno: iliyokatwa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa, na ncha yake haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Springi isichomwe moto ili inywee, kwa maana chuma hupoteza uthabiti wake. Shokapu yenye gesi isitobolewe wala kufunguliwa nyumbani, kwani ndani yake mna shinikizo kubwa. Hata kuitoa springi tu kwenye shokapu kunahitaji chombo cha kuibana, maana springi iliyobanwa ikifyatuka huvunja mkono au kutoboa jicho. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na chuma kilichokatwa ni vivyo hivyo.

Sehemu zinazosogea pamoja

Sasa tuchukue mfano. Pikipiki ina sentimita 140 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na mwenyewe ameishusha nyuma kwa sentimita mbili na nusu. Kwa hesabu rahisi, pikipiki nzima imeinama kuelekea nyuma kwa digrii moja hivi. Digrii moja yaonekana kuwa si kitu, lakini hebu tuifuate inakokwenda.

Inakwenda kwanza kwenye usukani. Miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu imelala zaidi, hivyo pikipiki inakuwa nzito kukata kona na mvivu kukwepa. Dawa yake ni kulegeza vibanio vinavyoishika miguu hiyo, kisha kuipandisha kidogo ndani yake ili mbele nako kushuke. Hata hivyo isipandishwe bila kupima, kwa sababu mbele ikishuka, tairi la mbele au madigadi yake yanaweza kugonga fremu, kibanio cha chini au bomba la moshi pindi breki ikibanwa kwa nguvu. Miguu yote miwili lazima iwe na kimo kile kile hadi milimita.

Inakwenda pili kwenye taa. Digrii moja huuinua mwanga wa taa ya mbele kwa zaidi ya sentimita 85 katika umbali wa mita 50. Mwanga uliopaswa kulala barabarani sasa unampiga machoni dereva anayekuja, naye asiyeona ndiye atakayekugonga. Taa ilekezwe upya siku ile ile, mpandaji akiwa ameketi.

Yapo na mengine yanayotokana na kushuka kwenyewe. Mnyororo hukaza na kulegea kadiri mkono wa nyuma unavyopanda na kushuka. Hukaza kupita wakati wote pale sproketi ya mbele, mhimili wa mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa katika mstari mmoja. Pikipiki iliyoshushwa husimama karibu zaidi na hali hiyo, kwa hiyo kipimo cha ulegevu kilichoandikwa katika kitabu chake hakitoshi tena. Shokapu zifunguliwe, mkono uinuliwe hadi vitu hivyo vitatu vilingane, na hapo mnyororo uonekane bado una ulegevu kidogo. Mnyororo usio na ulegevu huumiza beringi, na ukikatika unaweza kuzuia gurudumu kuzunguka. Wakati huo huo gurudumu lipandishwe hadi mahali ambapo shokapu mpya ingefika mwisho wake, ili kuona kama tairi linagusa madigadi, nyaya za taa au mpira wa breki.

Kisha kuna stendi ya pembeni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo husahaulika zaidi. Pikipiki ikishuka, stendi inakuwa ndefu mno kwake, nayo husimama wima mno. Upepo, au mtoto anayeigusa akipita, huweza kuiangusha upande wa pili. Katika mitaa ya Saint-Josse, ambamo njia za miguu ni nyembamba na watu ni wengi, kilo 200 zikianguka hazichagui zitakayemwangukia. Ili kujua stendi ipunguzwe kiasi gani, weka mbao za unene sawa chini ya magurudumu yote mawili, stendi ikibaki chini, uongeze hadi pikipiki ilale kama ilivyokuwa awali. Unene wa mbao ndio takribani kiasi cha kupunguza. Kazi ya kukata na kuchomelea ifanywe na mchomeleaji wa kweli. Na kwenye mteremko, pikipiki iegeshwe ikitazama juu, gia ya kwanza ikiwa imeingizwa, ili isisukumwe na uzito wake ikateleza kutoka kwenye stendi.

Mwisho kuna nafasi iliyobaki chini ya tumbo la pikipiki. Vikanyagio, bomba la moshi na stendi ya kati sasa viko karibu zaidi na ardhi. Katika kona, vitagusa mapema. Kwenye matuta ya barabarani, ambayo Brussels inayo kwa wingi, vinaweza kukwama.

Kazi yenyewe

Wakazi wengi wa Saint-Josse huishi katika fleti zisizo na gereji, na kishawishi cha kufanya kazi hii kando ya barabara ni kikubwa. Wasikilizaji, kishawishi hicho kikataliwe. Pikipiki isiyo na shokapu ni kitu kisicho na mguu. Lazima iwe mahali tambarare, penye sakafu ngumu, fremu yake ikiwa imebebwa na jeki yenye ubao juu yake, au na vigingi imara. Isibebwe na mkono wa nyuma, kwa sababu ndio unaofunguliwa, wala isibebwe na bomba la moshi. Breki ya mbele ifungwe kwa mkanda ili gurudumu lisizunguke, na mtu wa pili awepo muda wote.

Bolti za zamani mara nyingi zimeshika kutu. Zipakwe mafuta ya kulegeza siku moja kabla, zisigongwe kwa hasira. Mara zikifunguliwa, ndio wakati mzuri wa kuangalia bushi za mkono wa nyuma: ukiusukuma mkono huo kulia na kushoto nao ukacheza, basi bushi zimekwisha, na hakuna shokapu mpya itakayotibu hilo. Shokapu zibadilishwe zote mbili pamoja. Nati za kujifunga ziwe mpya, na kila bolti ikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichomo katika kitabu cha pikipiki hiyo.

Baada ya hapo, safari ya kwanza iwe fupi, mchana, barabara ikiwa kavu. Tangu Januari 1, 2021, mwendo wa kawaida katika mitaa mingi ya Brussels umewekewa kikomo cha kilomita 30 kwa saa, na mwendo huo unafaa sana kwa majaribio. Mpandaji asikilize kama kuna mkwaruzo, ajaribu breki, apite tuta moja polepole, kisha arudi akague kila nati. Ajihadhari pia na reli za tramu za Rue Royale, ambazo huteleza hata chini ya pikipiki isiyoguswa. Abiria asipakiwe hadi pikipiki imeeleweka upya. Na kabla ya haya yote, kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi, kwani pikipiki iliyobadilishwa bila taarifa inaweza kuleta mgogoro mkubwa siku ya ajali.

Nanyi wasikilizaji wetu wa Mwanza, Kampala, Mombasa na Goma mnaweza kusema kwamba mambo haya ni ya Ulaya. La hasha. Kwenu bodaboda mara nyingi hufanyiwa kinyume chake: nyuma huinuliwa au kufungwa springi ngumu zaidi ili ibebe abiria wawili na gunia juu. Kanuni ni ile ile, ila imegeuka. Nyuma ikipanda, miguu ya mbele husimama wima zaidi, usukani unakuwa mwepesi mno, na pikipiki huyumba kwenye mwendo mkali. Taa nayo hutazama chini, dereva asione mbali. Stendi inakuwa fupi mno, na pikipiki hulala kupita kiasi. Anayeshusha na anayepandisha wote wawili wanapaswa kukagua orodha moja.

Iko pia hekima ya kujua mahali pa kukomea. Ikiwa sentimita mbili au tatu, pamoja na kiti na viatu, zimeuleta mguu ardhini, kazi imekwisha. Wala si lazima miguu yote miwili ilale chini. Wapandaji wengi wafupi husimama kwa mguu mmoja ulio imara, huku mwingine ukiwa kwenye breki ya nyuma. Lakini mwenye kuhitaji sentimita sita au saba ahesabu tena. Huenda gharama ya shokapu, stendi, kiti na fundi inatosha kununulia pikipiki nyingine ya umri ule ule iliyoundwa chini tangu kiwandani, na ile ya kwanza ikaenda kwa mtu mwenye miguu mirefu. Kuiacha pikipiki unayoipenda ni jambo zito, lakini si zito kuliko kulala chini yake kwenye mteremko wa Madou.